Bagamoyo kwa baiskeli, bila haraka

Azima Phoenix yenye keria. Ya gia ni ya mashindano, na hapa hushindani na mtu. Toka saa moja asubuhi. Anzia Misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, ukipita njia ya miembe. Ukifika kwenye mbuyu, uzunguke taratibu utafute mnyororo wa zamani uliofungwa hapo: mti umeumeza, kimebaki kipande kinachochungulia kwenye gome. Mimi niliupita mara mbili bila kuuona.

Kisha shika njia ya magofu ya Kaole, kama kilomita tano kusini. Penye mchanga punguza upepo tairini au shuka usukume. Nilijitia ubishi, nikaanguka mbele ya muuza madafu. Alicheka kwanza, ndipo akanikatia dafu. Magofuni, angalia vishimo kwenye nguzo za makaburi: humo zilipachikwa bakuli za Kichina. Pampu usiisahau.