Kufunga Clouser ya baharini: kuanzia macho hadi dazeni

Chambo hiki cha manyoya, ambacho mezani kwetu tunakiita flai tu, jina lake ni Clouser Minnow. Alikibuni Bob Clouser wa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1987, kwa ajili ya samaki aitwaye besi wa Mto Susquehanna. Kilizaliwa mtoni, lakini leo kiko kwenye kisanduku cha karibu kila mvuvi wa flai anayekwenda baharini. Kazi yake ni kuiga samaki mdogo anayekimbia: ukivuta mshipi anainuka, ukilegeza anazama kichwa mbele. Kolekole akimwona hamwachi.

Kenya tulianza kufunga flai enzi za ukoloni, baada ya trauti, samaki wa mito ya maji baridi, kuletwa kwenye mito ya Aberdare mwaka 1905, na wengi wetu mikono yetu imezoea flai za trauti. Mimi pia nilianzia huko. Flai ya trauti hupenda uzi mwembamba na mkono mwepesi. Ya baharini inataka ukaze, na ukaze kweli.

Vifaa

Tafuta jiliwa linaloshika ndoana bila kuyumba, mkasi mkali, bobini ya kushikia uzi, uzi wa denia 210 (denia ni kipimo cha unene wa uzi) na supaglu. Ndoana iwe ya chuma kisichoshika kutu, namba 1 au 1/0. Ukiuziwa ndoana usiyoijua, iloweke usiku mzima kwenye glasi ya maji ya chumvi. Asubuhi itakupa jibu.

Macho ni ya risasi: vijipira viwili vilivyoungana kwa shingo fupi katikati. Kwa ndoana hii chukua yenye uzito wa karibu gramu 0.8. Wapo wanunuzi wasiotaka risasi kabisa, hao wafungie ya shaba. Manyoya ni mkia wa kulungu wa Marekani, mmoja mweupe na mwingine uliotiwa rangi ya kijani kinachoelekea njano. Usishawishike kutumia ngozi ya mnyama wa porini wa hapa kwetu. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na hakuna oda inayostahili kesi ya namna hiyo. Ongeza nyuzi chache za kumetameta, basi.

Hatua ya 1: Msingi wa uzi

Bana ndoana kwenye jiliwa, ncha ikitazama chini. Anzia karibu na tundu la kufungia mshipi, viringisha uzi hadi nusu ya mpini, yaani sehemu iliyonyooka ya ndoana, kisha rudi. Usiache chuma kitupu mahali macho yatakapokaa, kwa sababu macho hushikwa na uzi ulio chini yake kama yanavyoshikwa na ule wa juu.

Hatua ya 2: Macho

Hapa usiwe na haraka. Oda yangu ya kwanza ya flai za baharini ilirudishwa yote, na kosa lilikuwa hapa: macho yalizunguka kwenye mpini baada ya kurushwa mara chache, flai ikaogelea kwa ubavu. Kwa kuzitazama zilikuwa nzuri. Nilikuwa nimekaza kwa mkono wa trauti.

Pima theluthi moja ya mpini kutoka kwenye tundu. Weka macho juu ya mpini, upande usio na ncha. Uzito huo ndio utakaoigeuza flai majini ili ncha itazame juu, isinase kwenye mwani na matumbawe. Pitisha uzi kwa mshazari kutoka nyuma ya jicho la kulia hadi mbele ya la kushoto, mara kumi. Kisha mshazari wa pili, mara kumi, upate umbo la namba nane. Macho yatakuwa yameshika lakini bado yanacheza. Sasa fanya kile wengi wanachokiruka: zungusha uzi chini ya macho na juu ya mpini, mlalo, kama unayemfunga mtu mshipi kiunoni. Mizunguko sita au saba, ukivuta hadi usikie uzi unakaribia kukatika. Mizunguko hiyo huibana mishazari yote kwa pamoja, na utayaona macho yakitulia.

Tia tone la supaglu, acha lipenye kwenye uzi. Likikauka, sukuma jicho moja kwa kidole gumba. Likisogea hata kidogo, fungua uanze upya. Usijidanganye kwamba manyoya yatalifunika.

Hatua ya 3: Tumbo jeupe

Kata kitita cha manyoya meupe, unene wa njiti ya kiberiti kikibanwa. Kishike kwenye ncha za manyoya, uchane zile nywele fupi laini za chini zitoke. Urefu wake uwe kama mara mbili na nusu ya mpini. Kifunge mbele ya macho, kilaze katikati ya vijipira viwili, halafu kifunge tena nyuma ya macho kwa mizunguko michache isiyokaba sana. Ukikaba, manyoya yatatawanyika kama ufagio.

Hatua ya 4: Mgongo

Geuza ndoana ndani ya jiliwa, ncha itazame juu. Funga nyuzi tano au sita za kumetameta mbele ya macho, kisha kitita cha kijani juu yake, unene uleule. Hiki hakifungwi nyuma ya macho. Kiache kigawanyike pande mbili za ncha na kuificha.

Utashawishika kuongeza manyoya, kwa kuwa ikiwa kavu flai huonekana nyembamba mno. Usiongeze. Ichovye kwenye maji uitazame: nywele zikishikana unaona umbo la dagaa kabisa. Yenye manyoya mengi haizami vizuri.

Hatua ya 5: Kichwa

Kata vishina vya manyoya kwa mshazari, vifunike kwa uzi upate kichwa kilichochongoka, funga fundo la mwisho mara mbili, tia gundi. Tundu la ndoana libaki wazi. Lichokonoe kwa sindano kabla gundi haijakauka, kwani mvuvi aliye kwenye mashua inayoyumba hana nafasi ya kuhangaika na tundu lililoziba.

Kutoka moja hadi dazeni

Mnunuzi hanunui flai yako bora, ananunua kumi na mbili zinazofanana. Kwa hiyo sifungi moja hadi mwisho ndipo nianze nyingine. Nafunga macho kwenye ndoana zote kumi na mbili, nayaacha yakauke, kisha narudi kwenye matumbo, halafu migongo. Kando ya jiliwa nina kijiti chenye alama mbili, mahali pa macho na urefu wa manyoya, na kila flai inapita hapo.

Bei wengi huikosea kwa kusahau zinazoharibika. Tuseme ndoana ni shilingi 25, macho 20, manyoya, uzi na gundi 15. Jumla 60. Ukifunga sita kwa saa na unataka saa yako ikupe 300, ongeza 50, inakuwa 110. Sasa tuseme katika kila kumi na mbili, moja unaitupa. Umetumia 1,320 na unauza kumi na moja, hivyo kila moja imekugharimu 120. Anzia hapo kupatana, na bado hujahesabu usafirishaji na makato ya kupokea fedha. Tena muulize mnunuzi mapema vyeti vinavyotakiwa kwao, maana manyoya ya mnyama huweza kuzuiwa forodhani.

Kabla ya kuanza oda, funga mbili. Moja mpelekee mnunuzi aikubali kwa maandishi. Ya pili ichomeke kwenye kipande cha godoro ukutani, mbele ya macho yako, na usiitoe hapo mpaka dazeni ya mwisho iwe imelipwa.