Nyumba ya magogo: mchoro wa viraka unaofaa mabaki ya vitenge

Baridi ya Juni na Julai kule Njombe na Makete inataka blanketi zito, na mabaki ya vitenge ya mafundi cherehani wa Mwanjelwa yanatosha kulishona. Mchoro unaoyafaa kuliko yote ni nyumba ya magogo, uliovuma Marekani miaka ya 1860: mraba mdogo katikati, kwa jadi mwekundu, unazungushiwa mikanda, pande mbili za kung'aa na mbili za giza.

Umbo linatokana na mwanga na giza kuliko rangi. Piga picha ya vitambaa kwa simu kisha iondoe rangi. Vikifanana hapo, mchoro utapotea hata kama kimoja ni kijani na kingine chekundu. Kitenge cha maua makubwa kiweke mgongoni mwa blanketi.

Fua na upige pasi kabla ya kukata, maana kitenge kipya hurudi kikifuliwa. Mraba wa kati ni sentimita 7.5 kwa 7.5, mikanda ina upana wa 4.5. Mshono uwe milimita 7.5 kutoka ukingoni: bandika selotepu kwenye bamba la cherehani, umbali huo kutoka kwenye sindano.

Mzunguko wa kwanza: mikanda ya kung'aa yenye urefu wa sentimita 7.5 na 10.5, ya giza 10.5 na 13.5. Wa pili ongeza 6 kila mkanda, wa tatu 6 tena. Zunguka upande uleule, na kila mshono upigwe pasi kuelekea nje. Boksi, yaani mraba mzima pamoja na mikanda yake, lipime kila mzunguko: 13.5, 19.5, 25.5.

Usishone mkanda mrefu ukaukata baadaye. Meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini kuliko cha juu, na kingo hufanya mawimbi. Mshono ukizidi milimita 1 tu, boksi lenye mishono 6 hupungua milimita 12. Safu ya maboksi 6 hupungua zaidi ya sentimita 7, na pembe hazikutani tena.

Maboksi 48, 6 kwa 8, hutoa sentimita 144 kwa 192. Yapange sakafuni manne manne, pembe za giza zikikutana: almasi za giza na za kung'aa zitapishana zenyewe. Ndani weka blanketi kuukuu, mgongoni kile kitenge cha maua makubwa au shuka, kisha funga fundo la uzi mnene katika kila mraba mwekundu na kila pembe ya boksi, kabla ya kushona pindo.