Kanuni za Kuandika Hadithi: Lini Uzishike, Lini Uzipime

Anayeanza kuandika hadithi hupewa kanuni nyingi kabla hajamaliza hata ukurasa mmoja: onyesha usieleze, andika unachokijua, punguza vielezi, hadithi iwe na funzo. Nyingi zina asili moja. Mhariri au jaji wa shindano amesoma miswada mingi, ameona kosa lilelile likijirudia, akaliwekea katazo. Kwa hiyo kila kanuni ni jibu, na kazi yako ya kwanza ni kulitafuta swali lake: inazuia kosa gani? Ukishalijua kosa, fungua mswada wako uone kama limo. Kama halimo, kanuni hiyo haikuhusu leo, hata kama aliyeisema ni mwandishi mkubwa.

Rasimu ya kwanza iandikwe bila kanuni

Isipokuwa mbili. Fika mwisho, na chagua jicho moja la kusimulia ubaki nalo: kama mambo tunayaona kupitia kwa Mwanaidi, tusiambiwe anachowaza kondakta. Hizi zinatangulia kwa sababu gharama ya kuzivunja ni kubwa. Kubadilisha msimulizi ni kuandika hadithi nzima upya, na hadithi isiyo na mwisho haina cha kurekebishwa. Anayejisahihisha kila sentensi huishia na kurasa tatu zilizosuguliwa vizuri, basi.

Kwa hadithi ya kwanza lenga maneno 1,500 hadi 2,500, wahusika wawili au watatu, na tukio moja linalobadilisha hali. Ukimaliza, iweke kando wiki mbili. Kisha ichapishe kwenye karatasi, uisome kwa sauti, na kila ulimi unapokwama utie alama bila kurekebisha. Hapo ndipo kanuni ziitwe, moja moja. Pitia mswada mara moja kwa kila kanuni. Ukiwinda makosa matano kwa mpigo, mengine yatakuponyoka.

Onyesha, usieleze

Kosa linalozuiwa hapa ni mwandishi kumpa msomaji hukumu bila ushahidi. "Mwanaidi alikuwa na wasiwasi" ni hukumu. Linganisha na hii: "Mwanaidi alifungua mkoba, akahesabu nauli, akaufunga. Daladala haijafika kituo cha pili, keshaihesabu tena." Neno wasiwasi halimo, lakini msomaji amelifikia mwenyewe.

Kanuni hii huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutumia viungo vya mwili vilivyozoeleka: moyo ulimwenda mbio, jasho lilimtoka, machozi yakamlengalenga. Hayo bado ni maelezo, maana yanamfaa mhusika yeyote katika hadithi yoyote. Tafuta tendo ambalo mtu huyu tu, mahali hapa tu, angelifanya. Ya pili ni kuonyesha kila kitu, hata mhusika anavyopiga mswaki. Tumia kipimo hiki: kama mwisho wa kipande hali ya mtu imebadilika, kiandike kama onyesho, na mazungumzo na vitendo vyake. Kama haijabadilika, kieleze kwa sentensi moja au mbili ukasonge mbele. "Miaka mitatu ikapita, hakuna aliyemtaja" ni maelezo matupu, na yanafanya kazi ambayo kurasa kumi za maonyesho zisingeifanya.

Kanuni zilizotungwa kwa Kiingereza

Hapa waandishi wengi wa Kiswahili hupotea, kwa sababu ushauri mwingi ulioko mtandaoni ulitungwa kwa ajili ya lugha nyingine.

Chukua "epuka vielezi". Ukiifuata hivyo hivyo utafuta mali ya lugha yako mwenyewe: aliufunga mlango ndi, akaanguka pu, wakanyamaza ji, nguo nyeupe pe. Tanakali hizi zina sauti na picha ndani yake. Ziache, ila zisirundikane. Kinachostahili kufutwa ni "kwa hasira", "kwa furaha", "kwa huzuni" zinazobandikwa baada ya "alisema". Zipigie mstari zote, kisha soma maneno yaliyosemwa. Kama hasira imo ndani yake, futa "kwa hasira". Kama haimo, yaandike upya maneno yenyewe.

"Epuka kauli ya kutendwa" nayo ipimwe. Soma hii: "Rehema alifiwa na mumewe, akanyang'anywa shamba, akafukuzwa nyumbani." Kutendwa kunamweka Rehema katikati, na hadithi ni yake. Ukisema "Mume wa Rehema alifariki, mashemeji wakamnyang'anya shamba, wakamfukuza", jicho limehamia kwa mashemeji. Kauli hii huleta madhara pale tu inapomficha mtendaji ambaye msomaji anamhitaji: "Iliamuliwa kwamba Rehema aondoke." Nani kaamua? Mtaje.

Kuna jambo ambalo ushauri wa kigeni hauligusi kabisa, nalo ni viambishi vya wakati. Anayeanza huandika "Alifika. Alibisha hodi. Alisubiri. Aliondoka." Kila -li- inaanza upya, na usimulizi unadundadunda. Fungua kwa -li-, uendeleze kwa -ka-: "Alifika, akabisha hodi, akasubiri, akaondoka." Lakini -ka- nayo ina mtego wake, kwani hukimbiza matukio. Chukua ukurasa mmoja, uzungushie duara kila kitenzi. Ukiona -ka- sita au saba zimefuatana bila kituo, umetoa taarifa, hujasimulia. Ukatize mnyororo kwa -ki- ya tendo linaloendelea sambamba ("watoto wakicheza uani"), kwa -me- ya hali iliyobaki ("taa imezimika"), au kwa mtu kusema neno.

Katika mazungumzo, utajiri wetu uko kwenye namna watu wanavyoitana:

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Nani kakuelekeza hapa?"

Mistari miwili imetupa udugu, tofauti ya umri na ubaridi wa mapokezi. Aya ya kueleza kwamba hawa ni ndugu waliofarakana haihitajiki tena. Na wakiwa wawili tu, "akasema" inaweza kuachwa baada ya zamu mbili za kwanza. Mradi kila baada ya mistari mitano au sita umkumbushe msomaji nani anasema, kwa tendo dogo au kwa jina.

Swali la usanifu wa lugha huulizwa sana. Msimulizi wa nje aandike Kiswahili sanifu. Wahusika waseme kama watu wa kwao. Lakini chagua alama mbili au tatu tu za lahaja kwa kila mhusika na uzishike hadi mwisho. Mtu wa Mombasa anayesema "ndoo" ukurasa wa pili na "njoo" ukurasa wa tano, bila sababu, anamfanya msomaji amkumbuke mwandishi badala ya mhusika.

Andika unachokijua

Haimaanishi uandike maisha yako. Maana yake ni kwamba usimulizi wa mtu asiyejua kazi ya mhusika wake hugundulika haraka. Ukiandika juu ya mvuvi, ujue kwamba bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana, huja karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu, hufuata mwezi unapokuwa nusu. Hadithi yenye maji mafu usiku wa mbalamwezi kamili itamwangusha msomaji wa pwani palepale. Kabla ya kuandika, mtafute mwenye kazi umwulize: asubuhi unashika nini kwanza, nani anakudai, na ni kitu gani kikiharibika siku nzima imekwisha?

Hadithi iwe na funzo

Huu ni ushauri wa nyumbani, na una heshima yake. Katika ngano fanani, yaani msimulizi, na hadhira wako uso kwa uso, na funzo la mwisho hufunga kikao. Kwenye karatasi mambo hubadilika: msomaji ameshashuhudia adhabu ya mhusika, kisha anaambiwa tena kwa methali alichokiona. Jaribu hivi. Funika aya ya mwisho kwa mkono, umpe mtu asome yaliyobaki. Kama anaweza kukwambia mhusika amelipa nini na kwa nini, ifute. Kama hawezi, tatizo liko kwenye tukio la kilele, na methali haitaliokoa.

Ushauri wa wasomaji

Tafuta wasomaji watatu, angalau mmoja asiwe rafiki wa karibu. Usiwaulize kama imependeza. Waulize walisita wapi, walirudia sentensi gani, na kesho yake wanakumbuka nini. Wawili wakikwama mahali pamoja, hapo pana tatizo hakika. Dawa wanayopendekeza ni suala jingine. Mara nyingi anayelalamika kwamba mwisho umekuja ghafla anaonyesha kitu kilichokosekana mwanzoni.

Kuvunja kanuni

Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Tanzania, aliandika riwaya za kihalisia, zinazosimulia maisha kama yalivyo, kuanzia *Rosa Mistika* (1971) hadi *Gamba la Nyoka* (1979), na *Nagona* (1990), inayovunja mpangilio wa kawaida wa wakati, mahali na matukio, ikaja baadaye. Si lazima usubiri miaka hiyo yote, lakini jambo moja la kifundi lizingatie: uvunje mapema na urudie. Ukibadili msimulizi mara moja tu, ukurasa wa tisa, litaonekana kosa. Ukibadili kuanzia ukurasa wa kwanza na kila sehemu, msomaji ataukubali kama utaratibu wa hadithi hii.

Zipo zisizovunjwa: masharti ya mahali unapopeleka kazi. Tuzo kama ile ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu nchini Tanzania, au ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, hutangaza tanzu (aina za kazi) zinazopokelewa, urefu na tarehe ya mwisho. Soma tangazo la mwaka husika, usitegemee la mwaka jana. Hesabu maneno baada ya masahihisho ya mwisho, na kama jina halitakiwi kwenye mswada, liondoe pia kwenye jina la faili.