Piga picha taa za ruta mtandao ukiwa mzima

Mwaka jana mama yangu mdogo wa Tabata alinipigia simu saa tatu asubuhi, sauti inatetemeka. Binti yake alikuwa na usaili kwa video saa nne, na intaneti ya faiba haikamati. "Mwanangu, taa zinawaka ila hakuna kitu." Nikamuuliza ipi inawaka, kwa rangi gani. Hakujua. Jana je, zilikuwaje? Hakujua pia, kwani nani huziangalia mambo yakiwa sawa? Alipokata simu akachukua pini ya nywele, akachokonoa kitundu cha Reset nyuma ya ruta, akakishikilia mpaka taa zote zikazimika.

Kumbe kifurushi tu ndicho kilichoisha usiku. Kulipia kwa simu kungechukua dakika mbili. Sasa kile kitundu kilifuta jina na neno la siri ambavyo ruta ilitumia kujitambulisha kwa kampuni, na hakuna aliyewahi kuviandika popote. Fundi alifika kesho yake. Binti alifanya usaili kwa bando la simu, ameegemea dirisha la jikoni.

Kwa hiyo jioni hii, mtandao ukiwa mzima, ipige picha ruta yako kwa mbele. Rangi hutofautiana kifaa kwa kifaa, ndiyo maana unahitaji picha ya kwako. Kwenye faiba, kwa kawaida taa ya Power na ya PON, inayoonyesha ruta imeungana na kampuni, huwa zimetulia bila kupepesa, na ya LOS imezima.

LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa, na hapo hata ukizima na kuwasha mara kumi hupati kitu. Fuata ule waya mwembamba kwa mkono, taratibu, toka ukutani hadi kwenye ruta. Ndani yake mna uzi wa kioo, hivyo sofa iliyosogezwa wakati wa usafi au panya aliyetafuna vinatosha kuukata. Sukuma kichwa chake mpaka kilie "tak". Usichungulie ndani ya kichwa hicho: mwanga wake hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru. Ndani kukiwa sawa, toka nje utazame nguzo. Lori refu likipita uchochoroni huweza kuondoka na waya, na kazi hiyo ni ya kampuni.

PON ikipepesa bila kutulia, kifaa hakijasajiliwa upande wa kampuni. Zima, subiri dakika moja, washa, kipe dakika tano. Bado? Piga simu.

Taa zote zikiwa kama kwenye picha na kurasa hazifunguki, angalia kwanza tarehe ya kifurushi, kisha muulize jirani kama naye hana mtandao. Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu ilizikumba nyaya za baharini za EASSy na Seacom, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, zikayumba. Siku kama ile hakuna cha kutengeneza nyumbani. Ila jirani akiwa nao, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya wa LAN. Ikifunguka, mtandao upo, mgonjwa ni waifai.

Kuhusu umeme nina la kusisitiza. Ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, adapta ndiyo huumia mapema. Soma maandishi yake leo, mara nyingi ni volti 12, uyaandike. Ukienda Kariakoo kununua nyingine, volti lazima zilingane, na ampea zisipungue. Ukiweza, nunua na betri ndogo ya ruta. Faiba nyingi za majumbani hupita kwenye vigawanyio vya nguzoni visivyohitaji umeme kabisa, hivyo mtaa mzima unaweza kuwa giza na wewe ukaendelea na kazi, mradi mitambo ya kampuni ina umeme wake.

Kisha andika kwenye karatasi, si kwenye barua pepe ambayo itahitaji mtandao kuifungua: namba ya akaunti, simu ya huduma kwa wateja, siku kifurushi kinapoisha, na lile jina na neno la siri la ruta. Muombe fundi siku anayofunga, kabla hajashuka ngazi. Ukipiga simu, taja taa ipi ina rangi gani na tangu saa ngapi, na usikate bila namba ya malalamiko. Kampuni ikishindwa kukusaidia, TCRA, mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano, hupokea malalamiko, lakini watakuuliza kama ulianzia kwa kampuni. Hiyo namba ndiyo jibu lako.

Karatasi ya mama mdogo sasa imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Kile kitundu cha Reset amekizibia plasta ya kidonda.