Haibridi ya kuchomeka na chaja za barabarani: hesabu kwanza, plagi baadaye

Kabla hujachomeka popote, jua namba moja: bei ya uniti ya umeme ambayo ukiivuka, petroli inakuwa nafuu kuliko umeme. Mwenye gari la umeme mtupu haimsaidii, maana hana pa kukimbilia. Wewe wa haibridi ya kuchomeka una betri na pia tangi la petroli, na kwa ajili hiyo chaja ya barabarani kwako ni hiari. Watu wengi wananunua haya magari, wanaanza kuhangaika kutafuta chaja kana kwamba watakwama, mwisho wanalipa umeme ghali kuliko mafuta waliyoyakimbia.

Nitatolea mfano gari langu mwenyewe, Mitsubishi Outlander PHEV (yaani haibridi ya kuchomeka) ya toleo la mwanzo, ile ya betri ya kilowati-saa 12 iliyoingia sokoni Uingereza mwaka 2014. Naishi Coventry, kwenye nyumba zile za kubanana ukuta kwa ukuta, mlango unafungukia barabarani na gari linalala nje. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani: maili mbili kwa bibi huyu, tatu kwa babu yule, kutwa nzima. Kwa mizunguko ya namna hiyo haibridi ya kuchomeka inafaa hasa, ikiwa umeme unaupata kwa bei ya maana.

Hesabu yenyewe ni hii. Betri ikimalizika, injini inanipa wastani wa maili 38 kwa galoni, mjini na barabara kuu pamoja. Galoni ya Kiingereza ni lita 4.55, lita ikiwa pauni 1.40, galoni ni pauni 6.37, hivyo maili moja inakula karibu peni 17. Upande wa umeme, kujaza betri kunavuta kama uniti 10 (uniti ileile ya LUKU, yaani kilowati-saa moja). Haivuti zote 12 kwa sababu gari haliachi betri ikauke kabisa, na katika hizo 10 zipo zinazopotea kwa joto wakati wa kuchaji. Kwa uniti 10 natembea kama maili 23 hali ya hewa ikiwa nzuri. Maana yake uniti 0.43 kwa maili. Sasa chukua 17, gawa kwa 0.43, unapata peni 39 na ushee. Huo ndio mpaka wangu. Chini yake nachomeka, juu yake natia petroli na maisha yanaendelea.

Weka namba za gari lako na bei ya petroli ya wiki hii, utapata mpaka wako. Baridi ikikaza, mpaka unasogea, kwa sababu betri inaishiwa nguvu mapema, na injini nayo ikiwa ya baridi kwa safari fupi fupi inakunywa vibaya. Lakini hausogei mbali.

Sasa tazama bei. Chaja za kasi za pembeni mwa barabara kuu ni kawaida kukuta peni 75 au 79 kwa uniti. Ukiingiza uniti nane hapo umetoa pauni sita na zaidi, na umepata umbali ambao petroli ingekupeleka kwa pauni tatu. Nguzo za taa za mitaani zilizowekewa tundu la kuchaji na zile chaja za polepole za maegesho ziko katikati, na baadhi ya kampuni zinashusha bei usiku wa manane. Hizo ndizo za kuziwinda. Nyumbani ni nafuu zaidi, hasa kwa mwenye mkataba wa bei ya usiku. Serikali nayo imechangia pengo hilo: VAT ya umeme wa nyumbani ni asilimia 5, wa chaja za umma imekuwa ikitozwa asilimia 20. Sisi tusio na uwanja wa kuegesha ndio tunaoumia.

Na usivute waya kutoka dirishani ukauvusha njia ya waenda kwa miguu. Mzee akijikwaa ni kesi. Yapo mabaraza ya miji yanayoruhusu kuchimbiwa mfereji mdogo kwenye njia ya miguu wa kupitishia kebo, kwa kibali. Ulizia la kwenu.

Tuje kwenye matundu, maana hapa ndipo watu wanaporudi nyumbani mikono mitupu. Outlander ya wakati wangu ina matundu mawili ubavuni. Dogo ni Type 1, la kuchaji polepole. Mwisho wake kilowati 3.7. Kubwa ni CHAdeMO, la chaja za kasi. Nguzo za umma za polepole Uingereza zina tundu la Type 2 na hazina kebo: kebo unakuja nayo. Kwa hiyo unahitaji kebo ya Type 2 upande mmoja na Type 1 upande wa pili. Ile yenye plagi ya pini tatu inayokaa chini ya buti haikusaidii kitu kwenye nguzo. Haibridi nyingi mpya zinatumia kebo ya Type 2 pande zote, kwa hiyo fungua kifuniko uangalie kabla ya kununua. Usidanganywe na nguzo iliyoandikwa kilowati 7 au 22 ukadhani utajaza haraka: gari langu litavuta 3.7 zake tu na litachukua saa tatu na nusu. Kebo nunua ndefu, mita saba au zaidi, maana tundu liko upande wa kulia nyuma, na kila mara utakuta nguzo iko upande mwingine.

Kutafuta chaja natumia programu ya simu iitwayo Zapmap. Chuja kwa aina ya tundu, kisha kabla ya bei soma maneno ya waliopita hapo karibuni. Alama ya kijani ya "inafanya kazi" inaweza kuwa kijani huku mtu wa juzi ameandika kwamba kifuniko kimevunjika.

Ukifika kwenye nguzo ya taa, mambo yanakwenda hivi. Egesha ili kebo isivuke njia ya watu. Zima gari kabisa, fungua kifuniko. Chomeka upande wa nguzo kwanza, ukisukuma mpaka ushindwe. Tundu liko chini, limejaa vumbi na majani, na plagi iliyoingia robo tatu inatoa kosa lisiloelezeka. Kisha chomeka kwenye gari mpaka usikie "tak". Piga picha msimbo wa QR kwa simu, hakikisha namba ya tundu kwenye simu ni ile iliyobandikwa kwenye nguzo, weka kadi, anzisha. Baadhi ya nguzo zinataka uanze na simu ndipo uchomeke. Maelezo yamebandikwa, yasome. Usiondoke hadi uone taa ya kuchaji kwenye dashibodi imewaka na kubaki imewaka. Hesabu hadi sitini. Chaja inayokataa huwa inakataa ndani ya dakika hiyo, wewe ukiwa tayari jikoni unachemsha chai.

Kampuni nyingi zinashikilia fedha kwenye kadi kabla ya kuanza, kiasi kikubwa kuliko utakachotumia, kisha zinarudisha kilichobaki baada ya siku kadhaa. Kama mshahara unaingia kesho, tumia kadi nyingine.

Jambo moja la Type 1 ambalo wauzaji hawalisemi: upande wa nguzo plagi inajifunga, lakini upande wa gari inashikwa na kile kishikizo cha kubonyeza kwa dole gumba tu. Mpita njia yeyote anaweza kuchomoa. Kwenye mkono wa plagi, karibu na kishikizo, kuna kijitundu. Kazi yake ni kupitisha kufuli dogo kama la begi la safari. Ukishalifunga, kishikizo hakibonyezeki. Mimi naliacha linaning'inia kwenye kebo siku zote.

Chaja ikikataa, tuhuma ya kwanza ipeleke kwa gari lako, nguzo baadaye. Outlander ina ratiba ya kuchaji, inapangwa kwa programu ya simu. Ukiwa umeipanga ianze saa saba usiku kwa ajili ya bei ya nyumbani, basi na kwenye nguzo ya umma itakaa inakusubirisha hiyo saa saba, taa inapepesa kisha inazima, nawe unailaumu kampuni. Zima ratiba. Ikigoma tena, chomoa pande zote mbili, funga gari, subiri kidogo, anza upya. Ikigoma mara ya tatu, hama. Una petroli, usikeshe.

Kama ni kebo iliyonasa, usiivute kwa nguvu. Komesha kuchaji kwenye simu kwanza, toa upande wa gari, halafu nguzo itaachia. Isipoachia, piga namba iliyobandikwa. Kanuni za chaja za umma za mwaka 2023 zinawalazimisha wenye chaja kuweka simu ya bure inayopokewa na mtu saa 24, na mara nyingi mhudumu anaizima na kuiwasha nguzo akiwa hukohuko alipo na kebo inatoka. Kanuni hizohizo zinataka bei ioneshwe kwa peni kwa kila uniti, na tangu tarehe 24 Novemba 2024 chaja za kilowati 50 na zaidi, pamoja na mpya za kilowati 8 na zaidi, zikubali kadi ya kugusisha. Nguzo za taa ziko chini ya kiwango hicho, ndiyo sababu bado tunahangaika na QR gizani.

Maegesho ya maduka na ya baraza yana mitego yake. Kulipia umeme hakulipii maegesho, isipokuwa bango liseme hivyo, na kamera ya namba za magari haijui kwamba ulikuwa unachaji. Sehemu nyingine zimeandikwa kwamba ni za magari yanayochaji kwa wakati huo: betri yako ndogo ikijaa saa tano asubuhi, kuanzia saa tano wewe ni mvunja sheria hata kama kebo bado imechomekwa. Kuna na tozo ya kukaa kupita muda, inayohesabiwa kwa dakika. Weka kengele kwenye simu. Na zile za bure zimepungua sana. Tesco walikuwa wakitoa umeme wa bure kwenye maegesho yao hadi Novemba 2022, siku hizi unalipa kama kwingine.

Kuhusu chaja za kasi nina msimamo mkali: haibridi haina kazi pale. Hata ukiwa na CHAdeMO, Outlander inavuta kama kilowati 22 kwenye mashine ya 50, na mashine nyingi za zamani zenye mikono miwili haziwezi kutoa CCS (plagi ya kasi ya magari mengi mapya ya umeme) na CHAdeMO kwa mpigo. Kwa hiyo unapoingiza umeme wako wa maili ishirini, nyuma yako amekaa mwenye gari la umeme mtupu, watoto wamelala kiti cha nyuma, na yeye asipochaji hafiki. Pale ambapo pako wazi kabisa na bei iko chini ya mpaka wako, sawa, chaji. Akitokea mtu, chomoa umpishe. Sijaona bado mahali bei hiyo ilipo chini ya mpaka wangu, kwa hiyo swali halijanisumbua.

Safari ndefu inapangwa kwa vitufe vilivyo ndani ya gari. Nikienda Milton Keynes kwenye harusi, natoka Coventry betri imejaa, nikishika barabara kuu nabonyeza SAVE ili gari litembee kwa petroli na kuuhifadhi umeme, kisha nikiingia kwenye mizunguko ile isiyoisha ya Milton Keynes naiondoa SAVE na kutembea kimya. Kitufe cha CHARGE, kinachoilazimisha injini ijaze betri, kiache: unachoma petroli kutengeneza umeme na kupoteza sehemu yake njiani.

Baridi ikianza, washa kipasha joto gari likiwa bado limechomekwa, dakika kumi kabla ya kutoka, ili sehemu kubwa ya umeme huo itoke kwenye nguzo. Chunguza pia kama toleo lako lina kipasha joto cha umeme. Lisilo nacho, ukigusa joto tu injini inawaka, hata betri ikiwa imejaa pomoni.

Nimalizie na shemeji yangu wa Unguja, ambaye anaulizia Outlander ya mtumba kutoka Japani. Matundu ni yaleyale, Type 1 na CHAdeMO, kwa hiyo kabla ya kutuma pesa aulize chaja za huko zina tundu gani. Ikiwa ni Type 2, kebo kama yangu itamfaa. Aangalie pia kebo inayokuja na gari: ya Japani ina plagi ya kwao, na kuifungia plagi yetu ya pini tatu si kazi ya fundi wa redio, ni ya fundi umeme, na saketi yake peke yake. Menyu zitakuwa za Kijapani, ratiba ya kuchaji ikiwemo, basi aombe muuzaji aifute kabla gari halijapanda meli. Na yale matundu ya ukutani yaliyomo ndani ya gari, ya kuchomekea vyombo, yanatoa volti 100. Birika letu la volti 230 litachemka polepole mno humo, na chombo cha Kijapani cha volti 100 kitakachokuja na gari asikichomeke ukutani kwake.