Kanuni za kufuata kabla ya kupangisha nyumba kwa wageni wa siku chache mjini Kisoro

Ikiwa una nyumba Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, na unataka kupokea wageni wa siku mbili tatu, wengi wao wakiwa njiani kwenda kuwaona gorila wa hifadhi za Mgahinga au Bwindi, usianze kwa kupiga picha za vitanda na kuzitundika mtandaoni. Anza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa. Kamati yake ina watu 10, mmoja wao akishughulikia usalama, na hao ndio watakaogongewa mlango usiku jirani akiona gari geni uani. Ni haki yao kujua mapema. Omba barua ya utambulisho, kwa kuwa ofisi utakazokwenda baadaye huenda zikaitaka.

Kisha nenda manispaa. Nyumba iliyoidhinishwa kuwa makazi haigeuzwi ya biashara bila kibali cha kamati ya mipango, kwa mujibu wa Sheria ya Mipango ya mwaka 2010, nayo leseni ya biashara hutolewa hapohapo manispaa. Ikiwa wewe mwenyewe ni mpangaji, pata kwanza ridhaa ya mwenye nyumba kwa maandishi, maana ridhaa ya mdomo imeshavunja ujirani mwingi. Jina la biashara husajiliwa URSB, ofisi ya taifa ya usajili, namba ya mlipakodi hutolewa na URA, mamlaka ya mapato, na Bodi ya Utalii ya Uganda ndiyo inayosajili na kukagua malazi ya watalii chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008.

Panapokosewa zaidi, kwa maoni yangu, ni kodi ya hoteli ya serikali za mitaa. Mlipaji wake ni mgeni, kwa kila chumba na kwa kila usiku. Wewe ni mkusanyaji tu, kwa hiyo fedha hiyo si faida yako hata siku moja. Iweke kando siku ileile inapolipwa, na ukiipeleka manispaa, dai risiti.

Nunua daftari la wageni lenye jalada gumu, ulipige mistari ya safu saba: tarehe ya kuingia, jina, uraia, namba ya pasipoti au kitambulisho, chumba, idadi ya siku za kulala, na kodi ya hoteli iliyotozwa, kisha mgeni atie sahihi pembeni. Lisiachwe wazi mezani sebuleni. Taarifa hizo zinalindwa na sheria ya faragha ya mwaka 2019, kwa hiyo lifungie kabatini, na mgeni anapoandika, funika kwa karatasi mistari ya waliomtangulia.