Kabla ya Fibroskopi, Hesabu Kwanza Vidonge Ulivyomeza

Hapa Bukavu, mtu akichomwa na tumbo haanzii kwa muganga. Anaanzia kwa muuza dawa kule Kadutu, anapewa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, anapata nafuu, maumivu yanarudi, ananunua tena. Mama yangu mdogo alimeza hivyo miezi miwili. Kipimo kikasema hana bakteria wa vidonda vya tumbo, naye kidonda kinaendelea kumla.

Kwa hiyo, kabla hata ya kutafuta pesa ya fibroskopi, kile kipimo cha mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni, andika kila dawa uliyomeza na siku uliyoiacha.

Sababu iko tumboni. Sehemu ya chini ya tumbo ina seli zinazotoa homoni ya gastrini. Gastrini hupita kwenye damu, ikaamsha seli za juu zinazotoa histamini, nayo histamini huchochea asidi. Pembeni ziko seli za somatostatini, kazi yao ni kuizuia gastrini isizidi. Helikobakta pilori, bakteria ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua, huzidhoofisha hizo za kuzuia. Asidi inazidi, kidonda kinachimbika, mara nyingi pale utumbo mwembamba unapoanzia.

Omeprazoli huzima asidi. Seli za gastrini zikikosa asidi hujitahidi zaidi, kwa hiyo gastrini ikipimwa kwenye damu inaonekana juu na inaweza kumpoteza muganga. Bakteria naye hupungua, kipimo kisimwone. Ndiyo maana kabla ya kumpima kwa kinyesi, kwa pumzi au kwa kipande cha nyama ya tumbo, omeprazoli huachwa wiki 2 na antibiotiki wiki 4. Ukiacha omeprazoli, kiungulia kinaweza kurudi kwa ukali, kwa kuwa ile gastrini iliyopanda bado inafanya kazi. Usiogope, lakini usiache bila kumuuliza muganga, hasa kama umewahi kutoka damu tumboni au unameza aspirini kila siku. Na anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami asingoje miadi. Aende hospitali leo.

Siku ya kuamkia fibroskopi, bugali na sombe (majani ya muhogo) ya jioni iwe ya mwisho. Asubuhi hakuna chai wala mandazi. Mwenye kisukari au anayemeza dawa za kufanya damu isigande aseme mapema. Ukichomwa sindano ya usingizi, uwe na ndugu wa kukurudisha. Usipande pikipiki peke yako.

Tena uliza, bila haya, kama watachukua vipande vya nyama chini na juu ya tumbo. Kuna gastriti, yaani uvimbe wa ukuta wa tumbo, ambayo kinga ya mwili yenyewe huila sehemu ya juu: asidi inakauka, gastrini inapanda miaka, na zile seli za histamini huongezeka hadi kuota vivimbe vidogo. Kipande cha chini peke yake hakiwezi kuionyesha. Uliza pia kama bei uliyoambiwa ni pamoja na maabara, maana vipande visivyolipiwa havisomwi.